Kila unayepishana naye anakupiga fulu na we uko dimu? Anza kucheki hapa

Wakuu, hii ni ya yule mtu anayeendesha usiku, yuko dimu (taa za chini) kabisa hana neno na mtu, afu kila gari linalokuja mbele linampiga fulu (taa za juu), na ye anakasirika anarudishia, wanapishana wote wawili hawaoni kitu. Mi nilikuwa huyo mtu. Kutoka Chalinze mpaka Morogoro nilipigwa fulu nyingi mpaka nikapunguza spidi nikijua mbele kuna trafiki na tochi ya kupima spidi, maana si mnajua kwenye barabara zetu fulu mbili ndo salamu ya "kaa vizuri, wapo". Hakukuwa na trafiki hata mmoja. Nilipofika Msamvu nikaingia sheli, mzee mmoja dereva wa lori akanifata, nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba afu akaniuliza, "Mwanangu, hizo taa unatafutia popo?"

Toka siku hiyo nimehangaika sana na hili jambo, nimepima gari langu na ya washkaji, na nilichokiona ni kwamba mara nyingi kosa liko kwenye pale mwanga unapoenda, ukali unakuja baadae. Taa kali iliyolala vizuri unapishana nayo hata huikumbuki. Taa hafifu iliyoinuka inakupofusha.

Hesabu kidogo kabla ya yote, usiiruke

Taa ya gari ndogo inakaa kama sentimita 65 kutoka chini. Zile kanuni za Umoja wa Mataifa za taa za magari, ambazo Japan walijiunga nazo 1998 na ndo kunakotoka magari yetu mengi, zinataka taa iliyo chini ya sentimita 80 iwe imelala asilimia 1 mpaka 1.5, yani kila mita 10 mwanga uwe umeshuka sentimita 10 mpaka 15. Kwa hiyo taa ya sentimita 65 ikilala asilimia 1 mwanga wake unagusa lami mita 65 mbele, safi kabisa. Sasa iinue asilimia 1 badala ya kuilaza. Mita 50 mbele mwanga uko sentimita 115 kutoka chini, na hapo ndo yalipo macho ya mtu aliyekaa kwenye gari ndogo kama Toyota IST. Ukutani mita 5 mbele tofauti yake ni sentimita 10 tu, ukisimama mbele ya gari huioni, ila mwenzako anaiona vizuri sana.

Na mwanga wa dimu haujakaa sawa pande zote. Sisi tunaoendesha kushoto, upande wa kulia wa mwanga umekatwa chini kwa sababu ndo anakotokea mwenzako, afu upande wa kushoto unapanda kama mlima mdogo ili uone mtu wa baiskeli, mbuzi na wale wanaotembea pembeni bila tochi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kingine, kabla hujafungua boneti angalia dashibodi. Ile taa ya bluu ikiwaka uko fulu. Unacheka, lakini nimemkuta mtu ana gari miezi minne hajui ile alama ni ya nini, anasema aliona inapendeza.

Dalili: gari likiwa tupu hamna shida, ukipakia tu unapigwa fulu

Hili ndo namba moja na ndo lilikuwa nusu ya kesi yangu. Nilikuwa na Probox, nyuma kuna magunia mawili ya mchele, begi za familia na shemeji na watoto wake. Probox umbali wa tairi la mbele na la nyuma ni kama mita 2 na nusu. Nyuma ikididimia sentimita 5 tu, pua imeinuka asilimia 2, kwa hiyo taa iliyokuwa imelala vizuri asilimia 1 sasa inaangalia juu asilimia 1. Rudi kwenye ile hesabu ya sentimita 115 uone ulikompiga mwenzako.

Dawa yake iko ndani ya gari na watu hawaijui. Karibu na usukani upande wa kulia, magari mengi ya Japan yana kigurudumu kidogo kimeandikwa 0, 1, 2, 3 na kuendelea, na kamchoro ka taa yenye mistari inayoshuka. Hicho ni cha kushusha taa ukipakia. Sifuri ni ukiwa peke yako au na mtu mmoja mbele, namba ikipanda taa zinashuka. Watu wengi wanadhani namba kubwa ndo mwanga mkubwa kwa hiyo wanaona "nikiweka 4 taa zinakuwa hovyo" wanarudisha 0 maisha yote. We ukijaza gari weka 3 au 4, simamisha gari mbele ya ukuta uone mwanga unavyoshuka. Usiposhuka, mota yake imekufa au waya umechomoka, na kwa gari lililogongwa mbele kidogo hii ni kawaida sana.

Kama kigurudumu kinafanya kazi na bado nyuma imelala hata bila mzigo, hapo ni springi zimechoka. Noah za kubeba abiria karibu zote ziko hivi, zinatembea kama boti. Badilisha springi, usishushe taa kwa bisibisi ukadhani umetibu, maana siku ukiwa peke yako utakuwa unamulika bampa lako.

Magari mengi yaliyokuja na zenoni (taa za gesi) ya kiwandani hayana hicho kigurudumu, yana sensa kwenye mkono wa suspensheni ya nyuma, inasoma gari limelala kiasi gani inajiseti yenyewe. Kile kifimbo cha sensa ni kidogo kama penseli, kinavunjika kwa mawe, na fundi akishusha suspensheni anakiacha kinaning'inia. Ukiona dashibodi imeanza kuonyesha alama ya taa inapepesa, chungulia huko nyuma kwanza kabla hujauziwa taa nzima.

Dalili: ilianza wiki ile ile uliyobadilisha globu

Nusu ya pili ya kesi yangu. Nilinunua LED za H4 (H4, H7, H11 ni majina ya aina za globu) duka moja la spea, nikaambiwa zina lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) sijui elfu ngapi, mwanga mweupe kama uwanja wa mpira, nikafurahi. Zilikuwa nyeupe kweli. Ukutani sasa, hamna mstari wowote, mwanga umemwagika kama maji.

Sababu ni hii. Globu ya H4 ya halojeni (ile ya kawaida ya uzi) ina nyuzi mbili, na ule wa dimu umewekewa kikombe kidogo cha chuma kwa chini ili mwanga usipige nusu ya chini ya rifleta (lile bakuli linalong'aa ndani ya taa), kwa sababu nusu hiyo ndo inayorusha mwanga juu. Rifleta nzima imechorwa kwa kuhesabu kwamba ule uzi mwembamba upo pale pale, kwa milimita. LED ya bei rahisi ina chipu nene, iko mbele kidogo au nyuma kidogo, kikombe chake ni cha kuigiza, basi taa haijui irushe wapi. Unaona kweupe sana mita 15 mbele ya bampa na unadhani unaona mbali, kumbe huko mbali giza limezidi na jicho lako limeshazoea ule weupe wa karibu.

Kuna kosa la ufungaji pia ambalo ni la bure kulirekebisha. LED za H7 na H11 zina chipu pande mbili, zinatakiwa ziangalie kushoto na kulia. Fundi akizifunga chipu moja juu nyingine chini, umeharibu kila kitu. Zungusha. Na H4 kuna gari nyingine, Toyota za zamani hasa, zinaswichi upande wa eathi badala ya upande wa moto, ukiweka LED pale zinachanganyikiwa, unawasha dimu inawaka fulu au zinawaka zote. Mtu anatembea fulu mwezi mzima anasema niko dimu jamani.

Zenoni za kuchomeka ndo usiseme. Globu ya H4 upande wa dimu ni kama lumeni 1000, H7 ni 1500, zenoni ya wati 35 inafika 3200. Kanuni zile za Umoja wa Mataifa zinasema dimu ikizidi lumeni 2000 kwa globu basi gari liwe na levo ya kujiseti na kifaa cha kuosha kioo cha taa, ndo maana zile za kiwandani zinakuja na sensa niliyosema. We umechukua nguvu ya zenoni ukaiweka kwenye rifleta ya halojeni, hamna levo, hamna kitu. Hata Ujerumani walipoanza kuruhusu LED za kubadilisha mwaka 2020 waliruhusu globu maalum kwa modeli maalum za taa zilizopimwa, na unatembea na karatasi yake.

Hata wale wenye zenoni ya kiwandani wanakosea kitu kimoja. Kuna D4S na D4R, au D2S na D2R kwa gari za zamani zaidi. Ya R ina michirizi myeusi kwenye kioo chake, ni ya taa ya rifleta. Ya S ni ya projekta, taa yenye lenzi ya duara ndani. Vishikio vyake havifanani makusudi, lakini nimeona fundi anakata kishikio kwa praizi ili iingie. Ikiingia hivyo inapofusha mtaa mzima.

Rangi nayo. Globu ya halojeni ni kama 3200K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), zenoni ya kiwandani 4300K. Ukienda 8000K imekuwa ya bluu, mwanga umepungua na macho ya mwenzako yanaumia zaidi. Hapo umelipia rangi.

Mi nilirudisha halojeni mpya ya 60/55 (wati 60 fulu, 55 dimu), ya kawaida tu. LED zangu sasa hivi ziko kwenye banda la kuku, vifaranga hawajalalamika.

Dalili: ilianza baada ya kunyanyua gari

Spesa, vile vipande vya kunyanyulia gari kwenye springi. Tunazipenda kwa sababu ya matuta na barabara za mitaani, sikulaumu. Ukinyanyua mbele na nyuma sawa, taa imepanda juu lakini pembe haijabadilika sana, tatizo ni dogo. Wengi wananyanyua mbele tu sababu ndo panapogonga. Sentimita 3 mbele kwenye gari la mita 2 na nusu ni asilimia 1.2, yani umefuta ulalo wote kwa siku moja. Ukifunga spesa, ukibadilisha shokapu, ukiweka tairi kubwa, taa zinapimwa upya, na zenye sensa zinaresetiwa kwa mashine la sivyo zinajua gari bado liko kimo cha zamani.

Dalili: jicho moja tu ndo linaangalia juu

Fungua boneti ukamate hiyo taa uitikise kwa mkono. Ikicheza, miguu yake ya plastiki imevunjika, huenda gari liligongwa kabla hujalinunua na wakaipachika kwa gundi na waya. Isipocheza, chomoa globu. H4 ina vidole vitatu na vinaingia kwa namna moja tu, ila mtu akiwa na haraka gizani anaifunga nusu, kile kispringi kinaibana ikiwa imekaa upande.

Kama vyote viko sawa, soma kioo cha taa. Hapa ndo pana raha. Taa iliyopitishwa kwa kanuni hizo ina duara lenye E na namba ya nchi, E1 Ujerumani, E4 Uholanzi, E43 Japan yenyewe. Karibu na hapo kuna herufi, HC ni dimu ya halojeni, HR ni fulu, HCR zote mbili, na ikianza na D ni zenoni. Afu tafuta mshale. Mshale mmoja unaoelekea kulia kwako wewe uliyesimama mbele unaitazama taa, hiyo ni ya nchi za kuendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Mishale miwili, kushoto na kulia, inafaa kote. Ikiwa na E na haina mshale kabisa ni ya nchi za kuendesha kulia, na ule mlima mdogo wa mwanga niliosema uko upande wa kulia, unaenda moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Hiyo hata uishushe vipi haiponi, ikilala ya kutosha kutompiga mwenzako na we huoni kitu. Rudisha dukani.

Na hili linaeleza kitu ambacho wanaosafiri njia ya Rusumo wanakijua bila kujua sababu. Rwanda, Burundi na Congo wanaendesha kulia. Lori la huko likija Dar kuchukua kontena linakuja na taa zake za huko, dereva wake hana kosa lolote, yuko dimu, ila mlima wa mwanga wake uko upande wako. Na kinyume chake ndugu zetu wa Bujumbura na Goma wenye magari ya Japan wanatembea na taa za kushoto kwenye barabara za kulia. Wakivuka mpaka, wengine wanabandika selotepu nyeusi kwenye kile kipande cha kioo kinachotoa mlima, dawa ya kienyeji lakini kwa taa za kioo inafanya kazi, kwa plastiki angalia isiungue.

Dalili: taa zimepauka, mwanga ni ukungu

Kioo cha taa siku hizi ni plastiki yenye koti la kuzuia jua, koti likiisha inakuwa njano na kila kimkwaruzo kinatawanya mwanga. Dawa ya meno inang'arisha kwa wiki kadhaa tu. Ya kweli ni msasa wa maji, anza 800, nenda 1500, malizia 3000, polishi, afu pulizia kliya ya kuzuia jua, bila kliya umefanya kazi ya miezi mitatu. Kama weusi uko ndani kwenye rifleta yenyewe, imeungua, labda mtu aliweka globu ya wati 100. Hiyo haisafishiki.

Dalili: huoni kitu ukiwa dimu kwa hiyo unalazimika kutembea fulu

Wapofushaji wengi ni watu wa hivi, wala si wabaya. Shika mita, washa injini na taa, pima volti pale pale kwenye soketi ya globu. Ikisoma 13.5 shukuru. Halojeni ni nyeti sana, ikishuka mpaka 12.2 umepoteza karibu theluthi ya mwanga. Watu wanakimbilia kununua LED wakati tatizo ni eathi imeota kutu kwenye bodi au swichi imechoka. Safisha eathi kwa msasa, weka rilei mbili na waya mnene kutoka betri, utadhani umebadilisha gari. Usiweke globu ya 100/90 kwenye waya za kawaida, soketi inayeyuka na siku nyingine inawaka moto.

Kupima mwenyewe, ukuta na selotepu

Tafuta sehemu tambarare kweli, upepo wa tairi sawa, tenki nusu, mtu akae kwenye siti ya dereva, kigurudumu kiwe 0. Bonyeza boneti mara mbili tatu suspensheni ikae. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani, uliangalie sawasawa. Pima kutoka chini mpaka katikati ya globu, taa nyingi zina kidoti hapo kwenye kioo, hamishia kimo hicho ukutani weka selotepu. Sasa washa dimu, funika taa moja kwa koti kwa dakika chache tu. Ule mstari wa mwanga, ile sehemu ya bapa upande wa kulia, uwe sentimita 5 mpaka 7 na nusu chini ya selotepu. Nyuma ya taa kuna skrubu mbili za bisibisi ya nyota au spana ya 8, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Geuza nusu mzunguko, angalia, geuza tena. Usipopata mstari wowote wa kupima, rudi kwenye globu, hiyo haisetiki.

Japan gari dogo la binafsi, likitimiza miaka 3 afu kila baada ya miaka 2, linaenda kwenye ukaguzi wanaouita shaken na ulalo wa taa unapimwa kwa mashine. Huku kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ipo toka 1973 lakini mi nimesimamishwa mara nyingi kuulizwa kama taa inawaka, sijawahi hata siku moja kuulizwa inawaka kwenda wapi. Kwa hiyo ukuta wako ndo shaken yako.

Ukishaseti mwambie mwenzio akae kwenye gari lingine mita 50 mbele, usiku, washa dimu umuulize. Akisema "bado", rudi ukutani, usibishane naye, yeye ndo mwenye macho hapo.

Na kama umemaliza yote taa zako ziko safi, na unaona kila gari la mbele linakupofusha wewe? Futa kwanza kioo cha mbele kwa ndani, ule utando wa mafuta na vumbi watu hawaufuti kabisa. Angalia mikwaruzo ya waipa. Kile kijiti chini ya kioo cha katikati kivute, kinapunguza mwanga wa gari la nyuma. Miwani ya njano ya barabarani achana nayo, inapunguza mwanga unaouhitaji. Akija mtu na fulu zake angalia mstari mweupe wa kushoto, punguza, kwa sababu kwenye 80 unatembea mita 22 kila sekunde na ukipofuka sekunde tatu umekwenda mita 66 hujui umekanyaga nini. Na ukiona taa zina miduara kama upinde wa mvua hata zile za mtaani zilizosimama, hapo gari halihusiki, nenda ukapimwe macho, inaweza kuwa mtoto wa jicho au presha ya macho.